Stima Haijui Uliona Video

Wasee, leo nakosana na watu, na wengine ni wafuasi wangu wa siku nyingi. Nakosana na yule mwenye nyumba aliyelipa fundi wa tailosi bila kubishana, akalipa fundi wa jipsamu bila kubishana, akanunua geti la kutisha kama la benki, halafu alipofika kwa stima akasema, "Hii si kazi ngumu, nitajifanyia Jumamosi." Ndiyo, wewe. Kaa chini tuongee.

Najua swali linalokuja. "Si wewe uliacha chuo? Leo unatuambia tutafute wenye vyeti?" Tulia, nitalijibu. Kwanza ujue naongea kutoka wapi. Nilitoka chuo mwaka wa 2, karo ilipokwama. Tangu hapo natembea na mjomba wangu, fundi wa stima mwenye leseni. Tumezunguka Ruai, Kamulu, Juja, Kitengela. Yeye anafungua kuta, mimi nashika tochi na kamera. Vitu nimeona ndani ya kuta za watu waliosoma kunishinda, manze, ni aibu.

Stima ina tabia moja mbaya sana: inakubali kufanya kazi hata kama umeifunga vibaya. Ukiunganisha bomba vibaya, linavuja, unaona maji sakafuni. Ukipiga mlango vibaya, haufungi. Ukuta ukipinda, hata jirani atakuambia. Lakini ukikosea waya, taa inawaka tu. Simu inachaji. Unapiga picha, unaweka status, "Nimejifanyia mwenyewe," watu wanakupigia makofi. Kosa liko mle ndani ya plasta, limenyamaza, linaweza kukaa miaka 5. Na likiamka, mara nyingi halikuti wewe. Linakuta mtu mwingine kabisa. Hilo ndilo linanikasirisha, na ndilo nataka ushike hadi mwisho wa haya maandishi.

Tuanze na bafu.

Instanti nyingi hapa kwetu zinakula wati kama 5,000, zingine zaidi. Chukua ya 5,500. Stima yetu ni volti 240. Gawanya hiyo kwa hiyo, unapata karibu ampea 23. Plagi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampea 13. Waya wa soketi kawaida ni wa 2.5, ule wa taa ni 1.5, hizo ni milimita za mraba. Instanti inataka waya wake yenyewe kutoka kwa sanduku la breka, wa 4 ama 6, na breka yake, na swichi yake kubwa inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja. Sasa nikwambie tulichokuta Kamulu: instanti imeungwa kwa waya wa taa ya bafu. Kwa nini? Kwa sababu waya wa taa ulikuwa karibu. Hakuna sababu nyingine. Ulikuwa karibu.

Na hesabu ya joto haina huruma. Ukipitisha stima mara mbili kwa waya uleule, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Ukipitisha mara tatu, joto ni mara tisa. Ganda la waya linalainika, linakauka, linapasuka, na wewe uko sebuleni unatazama mpira.

Lakini hata joto silo linanitisha zaidi pale bafuni. Ni ule waya wa kijani.

Instanti nyingi, ile koili inayochemsha iko uchi ndani ya maji. Maji yanapita juu yake yakikuja kwa kichwa chako. Kuna stima kidogo inaingia kwa hayo maji, na kazi ya waya wa kijani, ule wa ardhi, ni kuikamata na kuipeleka chini kwa udongo kabla haijafika kwako. Mwenye nyumba anafungua boksi la instanti, anaona nyaya tatu. Anaangalia ukutani, ziko mbili. Anafanya nini? Anaukunja ule wa kijani, anaufunga tepu, anausukuma nyuma. Maji yanatoka moto. Kazi imekwisha. Akiulizwa, anasema ule wa tatu ni wa ziada. Kwani kampuni ilikuwekea waya wa urembo?

Na kwa wale wa Kitengela, Syokimau na Athi River, maji mengi ya visima huko yana chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha stima vizuri kuliko maji matamu. Ndiyo maana kuna instanti za maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Ziko dukani, rafu moja na zile zingine, bei iko juu kidogo. Watu wanaangalia bei, wanabeba ya rahisi.

Halafu Wakenya tumezoea. Mgeni akija, unamwelekeza bafuni, unamwambia, "Ukitaka kufunga maji, vaa slipa." Slipa! Tumeifanya slipa ya mia kuwa kifaa cha usalama. Mfereji unakutekenya kila asubuhi na unasema, "Ni stima kidogo tu." Hakuna stima kidogo kwa mtu amesimama kwa maji, mwili wote umelowa. Mfereji ukikutekenya, hiyo nyumba inakwambia kwa lugha rahisi kwamba waya wa ardhi haupo ama haufanyi kazi. Zima pale kwa breka. Oga na maji ya ndoo. Ita mtu.

Na ni nani anaoga huko? Mara nyingi si wewe. Instanti mpya inawekwa bafu lako, ile kuukuu inapelekwa DSQ, na kwa sababu ni DSQ, "hiyo nitafunga mwenyewe." Anayeoga huko ni dada anayekulelea watoto. Hajui waya wa kijani ulikunjwa. Hawezi kukuuliza. Akirushwa na stima siku moja, atasema asubuhi, "Ile maji inaniuma," na utamwambia avae slipa.

Twende kwa breka.

Breka inaruka kila jioni. Mama amewasha kokoto ya stima, mtoto anapiga pasi, birika iko juu. Breka ya ampea 20 inaruka. Mwenye nyumba anakasirika, anasema breka ni mbaya, anaenda Luthuli, ananunua ya 40. Anaifunga. Hairuki tena. Anafurahi.

Wewe, breka iliruka kwa sababu ilikuwa inafanya kazi! Breka iliwekwa pale kulinda waya ulio ukutani. Waya wa 2.5 unaweza kubeba kiasi fulani, basi, na breka inasimama mlangoni kama askari, inasema hapa pametosha. Umemfukuza askari, ukaweka mwingine ambaye analala hadi 40. Sasa waya utaiva kabla yeye hajaamka. Na wale wa nyumba za zamani zenye fyuzi ya kauri mnachekelea, lakini ni nyinyi mnaoweka waya wa kufungia miti pale fyuzi ilipokatika. Nimeona pia karatasi ya sigara. Ile ya kung'aa.

Ni hayohayo kwa ekstensheni. Unachomeka ekstensheni moja kwa ukuta, unachomeka ingine kwa hiyo, juu yake unaweka birika ya wati 2,000 na pasi ya wati 2,000. Hizo ni 4,000, karibu ampea 17, zinapita kwa plagi ya 13 na waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Halafu umeukunja chini ya zulia ili wageni wasiuone.

Na kuna uongo mmoja ambao naskia kila mahali: "Sina wasiwasi, niko na breka." Breka ya kawaida haikulindi wewe. Ililetwa kwa ajili ya waya. Stima inayoweza kuvuruga moyo wa mtu ni ndogo sana, kama miliampea 50 zikipita kifuani kwa muda wa sekunde moja hivi. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, yaani miliampea 13,000. Fanya hesabu: ni mara 260. Unaweza kuwa umelala pale umeshikwa na fyuzi haijui hata kuna shida. Kifaa kinachokulinda wewe kinaitwa RCD. Kinapima stima iliyotoka na iliyorudi, na kikiona miliampea 30 zimepotea njiani, kinakata, chini ya theluthi moja ya sekunde. Kina kitufe kidogo kimeandikwa T. Nenda kwa sanduku lako sasa hivi uangalie kama kiko. Wengi wenu hamna. Jipsamu yenye taa za rangi saba iko, RCD hakuna.

Sasa swichi. Hii ndiyo mjomba wangu anaichukia zaidi, kwa sababu inaonekana sawa kabisa.

Swichi ya taa inafaa kukata ule waya unaoleta stima, ule mafundi wanaita laivu. Mtu wa kujifanyia hajui laivu ni gani, anakata wowote. Akikata nyutro, ule wa kurudisha, taa bado inazima na kuwaka kama kawaida. Kwake yeye ni sawa. Lakini swichi ikiwa imezimwa, pale juu kwa holda stima bado iko, imekaa inangoja. Anayekuja kubadilisha balbu anazima swichi kama alivyofundishwa, anapanda stuli, anaingiza mkono. Amefanya kila kitu vizuri. Aliyekosea ni mwingine, miaka 3 iliyopita, na yuko kazini saa hii.

Unajua zile balbu za LED zinazobaki na mwanga hafifu usiku hata ukizima? Kuna watu wameitia maombi nyumba kwa sababu ya hiyo. Moja ya sababu zake ni hii hii ya swichi kukata waya usiofaa. Pepo hapo ni wewe na bisibisi yako.

Tupande juu ya dari. Ukitaka kujua mtu ni fundi ama ni mkora, angalia pale nyaya zinaungana. Anayejua anaweka konekta ndani ya boksi, amekaza, boksi linafikika. Mtu wa Jumamosi anasokota waya mbili kwa mkono kama anasuka nywele, anazungusha tepu nyeusi mara nne, anatupa juu ya mbao. Mahali waya umelegea, hapo ndipo joto linazaliwa. Juu ya dari kuna mabati, saa saba mchana ni tanuri. Gundi ya tepu inayeyuka, tepu inafunguka yenyewe. Chini kuna mbao kavu. Mengine malizia mwenyewe.

Na wale wa kupiga mkato! Waya ukutani hupitishwa wima ama mlalo kutoka kwa soketi, ili mtu yeyote akiona soketi ajue waya uko juu yake ama pembeni yake. Mwenye nyumba anaona hiyo ni kupoteza waya, anapitisha mshazari kutoka kona hadi kona, anaokoa mita mbili. Miaka miwili baadaye amekodisha nyumba. Mpangaji anakuja na TV yake, anatoa drili, anatoboa mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angesema hapana waya.

Na kalamu. Jamani, kalamu! Ile tundu ya juu ya soketi ina kazi. Pini ndefu ya plagi ndiyo inafungua vifuniko vya zile tundu mbili za chini, na vifuniko viliwekwa ili mtoto asiingize kijiko. Sisi tunachukua biro, tunasukuma juu, tunaingiza chaja ya pini mbili. Tunafanya hivyo mbele ya watoto. Halafu tunashangaa mtoto amejuaje.

Sasa nifike kwa ile inayoniuma kabisa. Genereta.

Mwaka 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima zaidi ya mara moja, Agosti, Novemba na Desemba. Watu wakanunua genereta na inveta, na hiyo siwalaumu. Ninalaumu ule waya wa kichawi, wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja unaingia kwa genereta, upande wa pili unaingia kwa soketi ya sebuleni, na nyumba yote inawaka. Werevu kweli. Kwanza, ukiuchomoa ukutani genereta ikiwa inanguruma, umeshika mkononi pini zilizo uchi zenye volti 240. Pili, ukisahau kuzima swichi kuu, stima yako haikai kwako. Inatoka kwa mita, inaenda barabarani, inafika kwa transfoma. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa hizi zetu haina ubaguzi, ukiilisha kutoka huku chini inapandisha. Ikiwa laini imekatika karibu na kwenu, na kuna kijana wa mtaa wetu amepanda mlingoti kuirekebisha, yeye anajua laini imezimwa. Alithibitisha kabla ya kupanda. Halafu wewe ukawasha genereta uone taarifa ya habari.

Swichi ya kubadilishia ipo. Kazi yake ni moja tu, kuhakikisha nyumba inalishwa na laini ama na genereta, kamwe isiwe zote mbili. Bei yake ni ndogo kuliko ya ile genereta. Umeshindwaje?

Mnajifunza wapi haya yote? Hapa sasa nageukia wenzangu wa kamera.

Mtu anafungua YouTube, anaandika "jinsi ya kufunga soketi", anapata Mmarekani mmoja mchangamfu, kofia, gari kubwa, anaeleza vizuri sana. Shida ni kwamba kwao soketi za nyumbani ni volti 120, na waya wao mweusi ndio wenye stima, mweupe ndio wa kurudisha. Kwetu, kwa nyumba za zamani, mwekundu ndio wenye stima, mweusi ndio nyutro, kijani ni ardhi. Kwa nyumba mpya, kahawia ndio wenye stima, buluu ni nyutro, kijani na manjano ni ardhi. Na kwa zile za fezi tatu za mtindo mpya, mweusi tena una stima. Kwa hivyo mweusi mmoja una maana tatu, ikitegemea uko wapi na nyumba ilijengwa lini. Video haikukuambia hivyo. Na ukikuta nyumba iliyoongezewa vyumba mara mbili na mafundi wawili, rangi zote ziko humo ndani kama bendera za shule. Rangi inakupa fununu tu. Kipimo ndicho kinakupa jibu.

Hata sisi wa hapa nyumbani tuna dhambi zetu. "Badilisha instanti kwa dakika 5!" Muziki unalia, jamaa anakaza skurubu mbili, anatabasamu, watu laki moja wamependa. Hakuzima breka mbele ya kamera. Hakupima kama stima imetoka. Waya wa kijani haukuonekana kabisa kwa video. Wenzangu, tunalipwa kwa watu kutazama, na mtu akifa bafuni hakuna anayeturudia. Mtu anayefundisha chapati akikosea, chapati inakuwa ngumu. Anayefundisha stima akikosea, kuna matanga. Kama hutaonyesha kuzima, kupima na waya wa ardhi, tengeneza video za chapati.

Sasa nijibu wanaonipinga, kwa sababu wengine wana hoja.

Wa kwanza anasema fundi ni ghali. Nimeskia. Maisha ni magumu, hata mimi nanunua unga kwa kipimo. Lakini sizungumzi na mama aliyejenga chumba kimoja kwa chama. Nazungumza na mtu wa tailosi za Kihispania. Pesa ilikuwepo, ilienda mahali panapoonekana. Waya hauonekani, kwa hivyo haujapata bajeti. Na hata ukinunua waya mwenyewe unaenda wa bei ya chini, umeandikwa 2.5 na ni mwembamba kuliko maandishi yake. Ukwaruze kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Tafuta alama ya KEBS, na bado ukwaruze.

Wa pili anasema, "Fundi niliyemwita ndiye aliharibu." Hiyo ni kweli, na inaniuma zaidi kwa sababu inatuchafulia kazi ya mjomba. Makanjanja wako wengi. Kuna mtu jana alikuwa anapaka rangi, leo ni fundi wa stima kwa sababu ana testa kwa mfuko wa shati. Lakini dawa ya fundi mbaya haiwezi kuwa wewe, ambaye hata testa huna. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, EPRA ndiyo inatoa leseni kwa mafundi wa stima. Muulize fundi leseni yake kama unavyouliza dereva wa mtoto wako. Akikasirika, umepata jibu. Na mwambie apime mbele yako: kama nyaya zinavuja, kama kila soketi iko sawa, kama ardhi inafanya kazi. Kazi ya stima ambayo haijapimwa haijaisha, hata kama taa zote zinawaka.

Wa tatu ndiye yule wa kwanza, wa kuniambia niliacha chuo. Sawa, niliacha. Mjomba wangu hata hakufika chuo kikuu. Alifanya majaribio ya gredi ya NITA, akasimama mbele ya mtu anayejua akafunga waya, akaulizwa, akasahihishwa. Sijawahi kusema uende ukasome digrii. Nasema kazi yake ilikaguliwa na mtu mwingine. Yako imekaguliwa na nani? Na status? Injinia wa barabara mwenye digrii mbili tulimkuta Juja, mtu wa heshima kabisa, amefunga soketi za jikoni kinyume, zote sita. Digrii haikumsaidia kwa sababu hakupima. Kwa hivyo usiniletee habari ya vyeti vyangu. Niletee kipimo chako.

Wa nne anasema Kenya Power ingekuja kuangalia. Hapana, mzee. Kazi yao inaishia kwa mita. Ukiunganishwa mara ya kwanza, fundi mwenye leseni anatoa cheti kwamba kazi imekamilika. Baada ya hapo, chumba ulichoongeza, soketi uliyosogeza, instanti uliyohamisha, hakuna anayekuja kugonga mlango. Kuanzia mita kuja ndani, ni wewe.

Na nyumba ikiungua, mnaskia taarifa: moto unadaiwa kusababishwa na hitilafu ya umeme. Hitilafu! Neno zuri sana hilo. Hitilafu haina jina, haina simu, haiitwi kotini. Lakini nyingi ya hizo hitilafu zilikuwa na mikono. Kuna mtu alikaa juu ya ngazi Jumamosi, akasokota waya, akazungusha tepu, akashuka akaomba chai.

Sisemi usiguse chochote. Badilisha balbu, lakini zima kwa breka kwanza, usiamini swichi. Badilisha fyuzi ya plagi kwa ile ya ukubwa unaofaa: taa ya mezani inataka 3, birika inataka 13. Breka ikiruka, punguza mzigo, rudisha mara moja. Ikiruka tena, iache, ita mtu. Bonyeza kile kitufe cha T kila mwezi, kisipokata stima, RCD yako ni pambo. Soketi ikiwa na rangi ya kahawia ama inanuka kama plastiki iliyoungua, usiichomeke kitu. Hiyo ndiyo kazi yako. Kuanzia pale kifuniko kinafunguliwa, ni ya mtu mwingine.

Na nyinyi wenye ploti, kabla hujaongeza kodi Januari, lipa fundi mmoja mwenye leseni apime ploti yote. Siku moja tu. Ukiona ni gharama, kumbuka wapangaji wako hawakuchagua nyaya. Walichagua chumba kwa sababu karo ya mtoto iko karibu na kazi iko karibu. Waya walikuta.

Utaniambia umeishi kwa nyumba hiyo miaka 4 na hakuna aliyekufa. Sawa. Hiyo miaka 4 haikupimwa na mtu yeyote, ilipita tu. Waya unazeeka, tepu inafunguka, mtoto anakua anafikia soketi, mpangaji mpya analeta drili. Uliokoa elfu kadhaa, zimeshaliwa zamani. Yule dada wa DSQ bado anavaa slipa akifunga maji. Mwite fundi kesho, na umwonyeshe bafu lake kwanza, kabla ya lako.